Hoja ya Kukadiria kwa Mfanano

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya Kaunti ya Mandera nchini Kenya, na ndani yake mna kipimo cha hali ya mimea kinachotokana na picha za setilaiti. Sifuri ni ukavu mbaya kuliko wote uliowahi kurekodiwa majira hayo. 100 ndiyo neema kubwa kuliko zote. Kuanzia 10 hadi 20 ni ukame mkali, 21 hadi 34 ukame wa wastani.

Tuseme kaunti ndogo ya Banissa imepata 20 na ile ya Lafey 21. Kwa mantiki ya ndiyo na siyo, kanuni isemayo “penye ukame mkali, pelekeni maji” inaigusa Banissa na kuiruka Lafey. Mwenye mifugo Lafey ana haki ya kukasirika.

Mwaka 1991 mtafiti Enrique Ruspini alieleza njia nyingine: hali zinazowezekana zipimwe zinavyofanana, kuanzia 0 hadi 1. Kauli moja huzaa nyingine kwa kiwango cha 0.9 ikiwa kila hali inayoitimiza ya kwanza ina jirani inayoitimiza ya pili, na mfanano wao haupungui 0.9. Tukiamua kila alama moja ya tofauti ipunguze mfanano kwa 0.1, basi Lafey, ingawa haimo katika ukame mkali, kanuni ya maji inaifikia kwa 0.9.

Nimechagua neno mfanano, si ulinganifu, maana ulinganifu wanahisabati wameshaupa umbo lenye pande mbili sawa. Lakini neno la kuogopwa hasa ni uwezekano. Uwezekano huhusu tusilolijua: mvua za Gu huenda zikanyesha, huenda zisinyeshe. Kipimo cha Lafey kinajulikana. Ile 0.9 haisemi labda ukame ni mkali. Inasema si mkali, ila umeukaribia ule mkali.

Je, 21 ikifanana na 20, na 22 ikifanana na 21, si tutafika penye nyasi tele tukiwa bado na malori ya maji? Hatufiki. Kwa kanuni ya mwanamantiki Łukasiewicz ya kuunganisha hatua, hatua mbili za 0.9 huhakikisha 0.8 tu, ya tatu 0.7, na ya kumi, yaani kwenye 30, haihakikishi chochote. Kigumu zaidi ni kuunganisha mifanano ya vipimo tofauti, kwani taarifa hiyohiyo hupima pia maziwa, umbali wa kwenda majini na unene wa mikono ya watoto.