p53: Jeni Iliyotoa Ushahidi Dhidi ya Sigara

Kwa zaidi ya miaka 40 kampuni za tumbaku zilijikinga kwa hoja ileile: takwimu peke yake hazithibitishi kitu. Ni kweli Richard Doll na Austin Bradford Hill walikwishaonyesha mwaka 1950, katika hospitali za London, kwamba wavutaji wa sigara ndio wanaougua zaidi saratani ya mapafu. Lakini nani, waliuliza mawakili wa kampuni hizo, aliyewahi kuuona moshi ukigeuza seli ya pafu kuwa saratani? Jibu lilikuja Oktoba 1996, tena kutoka kwenye jeni ambayo wanasayansi wenyewe waliisingizia kwa miaka 10.

Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo p53. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa kwa mpigo, likiwemo la David Lane na Lionel Crawford jijini London na la Arnold Levine katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Walikuwa wakichunguza virusi vya SV40, ambavyo huwasababishia uvimbe wanyama wa maabara. Kila walipoitoa protini ya virusi hivyo ndani ya seli, ilitoka imeng'ang'aniana na protini nyingine, ya seli yenyewe. Kwa kuwa p53 ilijaa tele katika seli za saratani, wengi waliamini ndiyo inayozichochea. Majaribio ya miaka ya 1980 yakaelekea kuwaunga mkono.

Kumbe kasoro ilikuwa kwenye sampuli. Nakala za jeni zilizokuwa zikitumika maabara nyingi zilikuwa tayari zimeharibika. Mwaka 1989 kundi la Levine lilitumia nakala nzima, na matokeo yakapinduka: badala ya kuchochea, p53 ilizizuia seli zisigeuke kuwa za saratani. Mwaka huohuo, mjini Baltimore, maabara ya Bert Vogelstein ilichunguza saratani ya utumbo mpana ikakuta nakala moja ya jeni hiyo imepotea na iliyobaki ina hitilafu.

Kazi ya p53 ikaeleweka. DNA ya seli ikijeruhiwa, protini hii husimamisha mgawanyiko hadi jeraha lirekebishwe. Jeraha likishindikana kurekebishwa, huiamuru seli ife.

Wazo kwamba saratani inaweza kuzuka kwa kupoteza kitu, si kwa kuongezewa, Alfred Knudson alikuwa amelitoa mwaka 1971 baada ya kupitia kumbukumbu za wagonjwa 48 wa saratani ya jicho ya watoto. Jeni ya ugonjwa huo, RB1, ilipopatikana mwaka 1986, haikuchukua muda kuonekana imeharibika pia katika saratani ya mapafu ya seli ndogo. Leo inajulikana kwamba karibu kila uvimbe wa aina hiyo umepoteza RB1 na p53 kwa pamoja. Ndiyo maana, nadhani, ugonjwa huu husambaa kwa kasi ya kutisha.

Turudi 1996. Tumbaku ikiungua hutoa benzopireni, kemikali iliyomo pia kwenye moshi wa kuni na makaa. Mwili, katika kujaribu kuitoa, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachonata kwenye DNA, hasa kwenye herufi G. Mikhail Denissenko na Gerd Pfeifer wa California, wakishirikiana na Moon-shong Tang wa Texas, walizimwagia umbo hilo kali la kemikali seli za binadamu, zikiwemo za njia ya hewa ya mapafu, kisha wakaikagua jeni ya p53 herufi kwa herufi. Kemikali ilikuwa imenata zaidi sehemu tatu za jeni, zenye namba 157, 248 na 273. Sehemu hizohizo zilikwishaorodheshwa kuwa miongoni mwa zinazoharibika mara nyingi katika saratani ya mapafu, na huko mara nyingi G hukutwa imegeuka T. Moshi ulikuwa umeacha alama ya kidole.

Kwa familia zilizokwisha kuzika wapendwa wao, ushahidi huo ulichelewa mno. Na hata baada yake ubishi haukuisha. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku, ulioeleza jinsi zilivyohangaika kutia shaka utafiti wa p53.

Tiba imekuwa ngumu kuliko ushahidi. Dawa nyingi za saratani huzuia kinachofanya kazi kupita kiasi. Kurudisha kilichopotea ni shughuli nyingine kabisa. Mwaka 1996 Jack Roth, daktari wa upasuaji huko Houston, alieleza jinsi alivyotumia virusi vilivyodhoofishwa kupeleka jeni nzima ya p53 kwenye uvimbe wa wagonjwa 9 wa saratani ya mapafu, na kwa baadhi yao uvimbe ulinywea. Mwaka 2003 China iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hiyo, Gendicine, lakini kwa saratani za kichwa na shingo. Mapafu hayakuwemo.