Safu, kugeuzwa kuwa maandishi

Ni amali ya uandishi wa programu za tovuti ambayo kwayo thamani nyingi, zilizopangwa kwa tartibu ndani ya safu moja, huunganishwa zikawa mfuatano mmoja wa herufi, upate kuonyeshwa katika ukurasa, kuhifadhiwa au kupelekwa kwa kompyuta nyingine. Katika PHP, lugha iliyotolewa hadharani na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, kazi hii hutimizwa na amri iitwayo implode, ambayo hupewa kwanza kitenganishi, aghalabu mkato, kisha safu yenyewe. Na explode huyapasua maandishi yakarudi kuwa safu. Zamani implode iliridhia kitenganishi kije nyuma ya safu, lakini tangu toleo la 8.0 la mwaka 2020 ruhusa hiyo imeondolewa, na ni haki.

Taksiri ya njia hii ni kubwa kuliko wengi wadhanivyo: thamani ikiwa na mkato ndani yake, kama “Mombasa, Kenya”, basi wakati wa kupasua hutoka mbili badala ya moja, funguo za safu hupotea kabisa, na safu iliyomo ndani ya safu huacha neno “Array” tupu pamoja na onyo. Kwa hiyo data yenye matabaka yafaa iandikwe kwa JSON, muundo uliotangazwa na Douglas Crockford, kwa amri ya json_encode. Ipo pia amri ya serialize, ila maandishi yatokayo kwa mtu asiyeaminika yasipewe kinyume chake, unserialize, abadan, kwani mdukuzi aweza kupenyeza humo vitu vya kuitiisha programu.