Reale ya Mwaka 1780

Katika sarafu za fedha zilizopata kutumika Unguja, ni chache zilizoaminiwa kama reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Katika karne ya 19 bei ya karafuu na ya pembe ilitajwa kwa reale. Kila moja imeandikwa 1780, na aliyeirithi kwa bibi yake hudhani ana kitu cha zamani hizo. Walakini malkia alifariki mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Na kwa kuwa wafanya biashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakutaka sura nyingine, sarafu iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile hata leo.

Basi tarehe haina ushahidi. Ushahidi u katika mambo madogo. Wachuuzi wa kale walihesabu lulu za bizimu iliyo begani pa malkia, wakatafuta herufi S.F. chini ya kifua. Hizo ni alama za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Kiwanda kilifungwa mwaka 1805, na herufi zao zingali zikipigwa! Mchunguzi wa siku hizi hutazama pia manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, kwani kila kiwanda kilikuwa na mkono wake.

Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alipata kwa Austria mihuri ya kupigia sarafu hiyo, ikapigwa Roma. Waingereza hawakungoja ruhusa: mwaka 1936 wakaanza kuipiga London, wakaendelea mpaka 1961. Je, reale ya London ni bandia? Uzito wake ni gramu 28 na ushei, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha safi, sawasawa na ile ya Austria. Kuiita bandia ni kuonea. Lakini anayeiuza kwa bei ya sarafu ya karne ya 18 ni mdanganyifu, japo fedha yake ni safi.

Bandia hasa ni ile iliyomiminwa katika kalibu. Hiyo hujulikana ukingoni. Reale ya kweli ina maneno ya Kilatini yaliyotuna, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Katika iliyomiminwa maneno hufifia, na mara nyingi mshono wa kalibu huonekana ukiuzunguka ukingo, hata ukipigwa tupa.