Mto Tana na Mizani ya Elimu ya Ujenzi

Zama za usultani wa Witu, katika karne ya 19, ulichimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni ili vyombo vipate kutoka Mto Tana na kuingia Mto Ozi pasipo kupita baharini. Na mto, ambao hakuna aliyeutaka shauri, ukaupenda mfereji ule, ukaupanua gharika baada ya gharika, hata maji yake yakawa yanatokea Kipini na kuutupa mkono mlango wake wa zamani ulioko kusini. Athari ya kazi ile ilidhihiri baada ya miaka mingi, na ndiyo sababu mwenye kutaka kupima thamani ya utafiti wa vyuo vikuu juu ya usimamizi wa ujenzi ningemwelekeza katika bonde hili la chini.

Na aanze kwa kuzihoji karatasi. Huko Hola, ambako skimu ya umwagiliaji ilianzishwa mwaka 1953 kwa jasho la mahabusu wa Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni, tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walifariki baada ya kunywa maji. Msomi ambaye angaliridhika na kumbukumbu za ofisi angaliandika kwamba mitaro ilichimbwa, na asingalisema uongo hata neno moja.

Lakini habari yenyewe hasa ni ya Bura. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliridhia huko mradi wa umwagiliaji wa hekta 6,700 na familia 5,150 za wakulima wa pamba, ukitanguliwa na upembuzi yakinifu wa wataalamu wa kigeni. Wazo la asili lilikuwa maji yaje kwa mteremko. Kwa sababu ya gharama zikawekwa pampu za dizeli huko Nanigi, kwa muda tu, walisema. Familia hizo zilipoanza kuwasili mwanzoni mwa miaka ya themanini, gharama zilikwisha kupanda kupita makadirio, eneo likapunguzwa hadi kiasi cha hekta 2,500, na kila pampu zilipoharibika au mafuta yalipokosekana, pamba ilikauka ilhali mto unapita karibu. Wapokomo, ambao tangu kale hupanda kwa kufuata kujaa na kupwa kwa mto, na Waorma wenye kuteremsha mifugo yao deltani wakati wa kiangazi, walikuwa na elimu ya maji hayo isiyopewa nafasi katika hesabu zile.

Nani basi aliyeyachunguza haya ipasavyo? Kwa sehemu kubwa, wanajiografia: Francine Hughes aliyeitafiti misitu ya kingo za Tana, na William Adams, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992, Wasting the Rain, kiliieleza Bura bila kuionea haya. Wenzetu wa usimamizi wa ujenzi aghalabu huwapelekea makandarasi wa mjini hojaji juu ya sababu za miradi kuchelewa, wakazipanga sababu hizo kwa daraja, na makala ikapatikana. Na tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilipotoa vigezo vyake vya mwaka 2014, makala huhesabiwa alama za kumpandisha mhadhiri cheo. Siwalaumu sana, maana mtu hawezi kungoja miaka thelathini apate uprofesa. Ila mizani hiyo hupima kasi ya kalamu, na hojaji haijui lolote juu ya mto unaohama.

Mfano mwingine uko karibu na Garsen: mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mabonde ya Tana na Athi, yalijengewa matuta ya kuzuia mafuriko, na mvua za El Niño za 1997 zikayavunja. Na katika karne hii Serikali imerudi Bura kuchimba mfereji wa kuleta maji kwa mteremko, kama ilivyokusudiwa tangu awali. Chuo ambacho kingeyaweka makadirio ya 1977 na ya leo katika meza moja, kikamwita mkulima wa Bura awe mmoja wa waamuzi, kingekuwa na kazi ya kutosha vizazi viwili vya wanafunzi.