Clara Peeters: jina kwenye mpini wa kisu

Katika makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague, ipo picha ya meza iliyochorwa yapata mwaka 1615. Kuna mapande ya jibini, siagi, lozi, tini na sahani ya Kichina. Ukingoni kimelazwa kisu cha fedha, mpini ukiwa umetokeza nje ya meza, na juu yake limechorwa jina: Clara Peeters. Sogea karibu zaidi utazame kifuniko cha jagi lililo nyuma ya jibini. Kimeakisi sura ya mwanamke, ndogo kuliko ukucha. Ni mchoraji mwenyewe.

Visu vya namna hiyo vilikuwa zawadi ya harusi, na Peeters alikirudia chake katika picha kadhaa. Sura yake nayo aliirudia. Katika picha ya mwaka 1612 iliyoko Karlsruhe, Ujerumani, vinundu vya kikombe cha dhahabu vimembeba mara kadhaa, ameshika brashi na kibao cha rangi. Hiyo si haya ya mwanamke aliyejificha; ni mtu anayedai kazi yake.

Na alikuwa na sababu ya kudai. Jina lake halimo katika orodha zilizobaki za chama cha wachoraji cha Antwerp, ingawa baadhi ya mbao alizochorea zina alama za mafundi wa mji huo. Ndiyo Antwerp ya mchoraji Rubens, aliyerejea kutoka Italia mwaka 1608 na kupamba makanisa kwa miili mikubwa ya watakatifu na mashujaa. Mwanamke hakuruhusiwa kuchora watu walio uchi, na bila mazoezi hayo picha za aina hiyo zilimpita kando.

Peeters akashika meza. Picha zake zenye tarehe zinaanzia 1607, na ya samaki, kaa na kamba ya mwaka 1611 ni miongoni mwa za kwanza kabisa Ulaya kuwapa samaki meza nzima. Magamba yamelowa, yanang'aa. Kaa amekwisha kuiva, mwekundu. Kwa Wakatoliki wa Antwerp hicho kilikuwa chakula cha siku za kufunga nyama.

Picha hiyo iko katika makumbusho ya Prado, Madrid, pamoja na nyingine tatu za mkono wake. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1819. Maonyesho yake ya kwanza ya mchoraji mwanamke peke yake yalikuwa ya Peeters, mwaka 2016.