Abendschau na sheria ya siku saba

Septemba 1958 kituo cha SFB cha Berlin Magharibi kilianza kurusha Abendschau, taarifa ya habari ya jioni kuhusu mji huo tu. Agosti 1961 ukuta ulipoanza kuugawa mji, wapigapicha wake walikuwa nyumbani kwao, wakiwarekodi majirani zao.

Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza 1963, wameizoea sauti ya Ujerumani inayozungumza na walimwengu. Ndani ya nchi, utangazaji wa umma uko mikononi mwa majimbo. Wanazi walikuwa wameigeuza redio kuwa kipaza sauti cha dola, na baada ya vita mataifa yaliyoshinda hayakutaka hilo lijirudie. Mwaka 1950 vituo vya majimbo viliunda umoja wa ARD, na kila kimoja kikaendelea kuandaa habari za watu wake.

Intaneti ilipoenea, vituo hivyo vikaweka vipindi vyao mtandaoni. Wenye magazeti wakalalamika: watasalimikaje sokoni wakishindana na habari zinazolipiwa kwa ada ya lazima? Hofu yao ilikuwa na msingi. Jibu la wanasiasa, hata hivyo, lilikuwa baya. Kwa mkataba wa majimbo ulioanza kutumika Juni 2009, vipindi vingi viliruhusiwa kukaa mtandaoni siku saba tu, isipokuwa kituo kipite mchujo wa hatua tatu kuthibitisha manufaa kwa umma. Mechi za ligi kuu ya soka zilipewa saa 24. Kufikia 2010 vituo vilikuwa vimefuta lundo kubwa la kurasa na video, kazi ambayo mwananchi alikwishailipia.

Habari za mikoa ndizo zilizostahili kulindwa kwanza. Hotuba ya kansela hurekodiwa na vyombo vingi. Mgomo wa madereva wa mabasi au mzozo wa shule ya mtaani huenda ukarekodiwa na kamera moja tu. Ikifutwa hiyo mtandaoni, mkazi wa mtaa ule hana pengine pa kuitazama.

Sheria ililegezwa Mei 2019. Tarehe 27 Oktoba 2020, Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Sauti na Picha, ARD ilizindua mkusanyo uitwao Retro, na kituo cha rbb, mrithi wa SFB, kikaanza kuweka humo Abendschau za zamani. Mkusanyo ulikomea 1965. Sheria ya hakimiliki iliyoanza kutumika Januari 1966 ilibatilisha mikataba ya kutoa kazi kwa matumizi ambayo bado hayajajulikana, na enzi hizo hakuna aliyeijua intaneti. Basi siku za kujengwa kwa ukuta zimefunguliwa kwa yeyote mwenye simu, ilhali taarifa za miongo iliyofuata hudai kwanza haki za kila mhusika zichunguzwe, kipande kwa kipande.