Kutoka marufuku ya 1974 hadi laptopu ya dada

Nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda nyumbani Mafia. Leo tuongelee kompyuta. Najua wapo watakaonisahihisha niseme tarakilishi, wengine ngamizi, wengine mpakato. Iteni mtakavyo, mimi na dada yangu tunaita laptopu.

Dada ni mwalimu pale Kilindoni. Miaka miwili iliyopita alinitumia pesa alizouza nazi, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe uko Dar, nitafutie kompyuta ya bei nafuu ya hapa nyumbani. Nitunge mitihani, na watoto wajifunzie." Nikaingia duka moja, nikachagua mpya, nyembamba, inang'aa. Nikajiona mjanja kweli. Kumbe! Hifadhi yake ilikuwa GB 32 tu. Windows ikala sehemu kubwa, masasisho yakaongezeka, ikajaa hata mwaka haujaisha. Nikasema basi tuongeze. Fundi akaifungua, akacheka. Memori na hifadhi, vyote vimechomelewa kwenye bodi. Leo iko juu ya kabati, na watoto wanaiita sinia.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye historia, maana nchi yetu nayo iliwahi kununua mashine bila kujiuliza nani ataitunza. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye Hazina ikajaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta. Kazi ilitegemea mno wataalamu wa kigeni, Watanzania wenye ujuzi huo walikuwa wachache sana, hesabu zikavurugika na fedha zikapotea. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Marufuku ikalegezwa polepole, na televisheni Tanzania Bara tukaiona ikishamiri kuanzia 1994.

Wengi huicheka marufuku ile kama ushamba. Mimi nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipoiona sinia ya dada. Sisemi ilikuwa sahihi, kwa sababu ilituchelewesha. Lakini hasira iliyoizaa naielewa: umelipa fedha ya jasho, kitu kimekufa, na aliyekuuzia ameshaondoka.

Wakati sisi tumefunga mlango, wenzetu walikuwa mbio. Mwaka 1981 Marekani ilitoka Osborne 1, kompyuta ya kubebeka yenye uzito wa kilo 11 hivi na bei ya dola 1,795. Huo ni mzigo wa kichwani, si wa mapajani! Mwaka 2005 Nicholas Negroponte akaahidi laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Ilipoanza kutengenezwa 2007 bei ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo, lakini wazo lake moja naliheshimu mpaka leo: ilikula umeme kidogo, ilistahimili vumbi na maji, na ilifunguka kwa bisibisi. Mwaka huohuo Asus wakatoa Eee PC, ndogo na rahisi, na makampuni mengine yakafuata. Tangu hapo unafuu ukawa ni bei tu. Bisibisi ikasahauliwa.

Sasa turudi Mafia. Kwa miaka mingi umeme wetu umetoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, si gridi ya Taifa. Hewa ni ya chumvi. Kifaa kikihitaji fundi wa Dar, kinapanda boti mpaka Nyamisati, halafu basi. Nauli hiyo ni sehemu ya bei, ingawa muuzaji hakuandikii kwenye risiti.

Kwa hiyo safari hii dada alikuja mwenyewe. Tulitafuta ya mtumba, zile nene za maofisini. Tukataka memori ya GB 8, hifadhi ya SSD, na betri inayobadilishika. Tukaangalia prosesa: kama ni ya Intel, kizazi cha nane au zaidi, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi nyingi za zamani. Ukikosa hiyo, Linux ni bure na inafaa kwa barua na mitihani. Kisha dada akachomoa chaja, akavuta kiti, akakaa saa nzima akiitazama betri. Muuzaji akaona tunamsumbua. Dada akamwambia, "Mwanangu, mimi natoka kisiwani. Huku sirudi kesho." Mwisho akaomba ifunguliwe mgongo kabla ya kulipa.

Sasa hivi iko Kilindoni, inapiga kazi. Ile sinia sijaitupa, inanifundisha adabu.

Haya jamani, ninyi mlioko visiwani na vijijini, mlichaguaje zenu?